Mapanki yanayotembea: je, binti yangu anaumwa?

"Nina binti wa miaka 17 aliyemaliza kidato cha nne, na sasa tunasubiri matokeo. Tunaishi Nyegezi, Mwanza. Tangu amalize mtihani amekuwa akijifungia chumbani mchana kutwa, mapazia yamefungwa, taa imewashwa, amevaa fulana ileile nyeusi. Mezani kwake kuna vichwa vya dagaa vilivyokauka na panki la sangara, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, alilolitoa soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Nikipita mlangoni namsikia anajisemea namba. Wiki iliyopita alituonyesha kwenye simu filamu ya dakika moja na nusu aliyoitengeneza mwenyewe: kichwa cha sangara kinameza nyumba, kisha kinatapika kitanda, na juu ya kitanda vichwa vya dagaa vinageuka vyote kwa pamoja na kumkodolea macho anayetazama. Mwishoni picha zinawaka na kuzimika kwa kasi hadi macho yanauma. Mdogo wake wa miaka 6 alipiga kelele, na hadi leo hataki kuingia jikoni peke yake. Shangazi yao anasema hilo ni pepo la ziwani na anataka binti aombewe. Mwenyewe anasema amejifunza kwa kutazama filamu fupi za ajabu za Ulaya, ambazo huzitazama hadi saa nane za usiku. Ameacha kwaya, na rafiki yake waliyekuwa hawaachani hajaonekana hapa nyumbani tangu kabla ya Krismasi. Je, mwanangu anaumwa akili? Nimnyang'anye simu? Na kama ni kipaji, kuna maisha huko?"

Mzazi mwenzangu, umeandika kwa utulivu, lakini katika maneno yako nasikia hofu ya mtu ambaye hajui kama anatazama kipaji au ugonjwa, na ambaye ndugu wameshaanza kumpa majibu kabla hajamaliza kuuliza. Mimi ni mwalimu wa uhuishaji, yaani kazi ya kuvipa mwendo vitu visivyo na uhai, si daktari. Kwa hiyo yaliyo juu ya meza ya binti yako naweza kuyaeleza kwa uhakika, na yaliyo moyoni mwake nitakuonyesha tu mahali pa kuyatafuta na watu wa kukusaidia kuyatafuta.

Tuanze na chumba chenyewe. Katika filamu ya aina hii simu hufungwa mahali pamoja isitikisike, ikapiga picha moja. Kisha mtengenezaji husogeza kichwa cha dagaa kwa upana wa punje ya mchele au chini ya hapo, akaondoa mkono, akapiga picha nyingine, akasogeza tena. Sinema ya kawaida hupita mbele ya macho kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, lakini wahuishaji wengi hutengeneza picha 12 tu na kuionyesha kila moja mara mbili, kwa sababu jicho linaridhika na kazi inapungua nusu. Fanya hesabu ya filamu uliyoonyeshwa: sekunde 90 mara picha 12 ni picha 1,080. Na pale vichwa vya dagaa vinapogeuka kwa pamoja, kila picha ilidai kila kichwa kisogezwe peke yake, kwa kiasi kilekile, bila kugusa cha jirani.

Ukishaijua hesabu hiyo, mengi yaliyokutisha yanapata maelezo. Mapazia hufungwa kwa sababu jua linalohama dirishani hubadilisha mwanga kutoka picha hadi picha, na filamu ikichezeshwa, ukuta wote huonekana ukififia na kung'aa bila mpango. Taa moja isiyoondolewa mahali pake ndiyo dawa. Fulana nyeusi huvaliwa kwa sababu nguo nyeupe hurudisha mwanga mezani kila mtu anapoinama. Mlango hufungwa kwa sababu mtoto wa miaka 6 akiingia akaegemea meza, kazi ya tangu asubuhi imekwisha palepale. Namba anazojisemea karibu hakika ni za picha: anahesabu kichwa kimeshasogea mara ngapi na kimebakiza mara ngapi kabla ya kutulia, maana akipoteza hesabu kitaruka badala ya kugeuka. Na yale mapanki ni uamuzi wa busara. Samaki mbichi hunywea na kunuka chini ya taa kabla kazi haijafika nusu, ilhali mfupa mkavu unabaki na umbo lile lile leo na wiki ijayo. Tena panki pale Mwaloni ni kitu cha bei ndogo, wakati mwanasesere wa kazi hii, mwenye viungo vya chuma ndani, ni ghali hata kwa studio. Angekuwa mwanafunzi wangu, kwa kuchagua mfupa tu ningempa alama nzuri.

Lakini najua kwamba hujasumbuliwa na fulana. Umesumbuliwa na vile vichwa vilipogeuka. Hapo pia pana maelezo, na yanahusu ubongo wa mtazamaji kuliko wa mtengenezaji. Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili, Fritz Heider na Marianne Simmel, waliwaonyesha watu filamu fupi sana yenye pembetatu mbili na duara moja vikizunguka karibu na kisanduku chenye mlango. Hapakuwa na uso, sauti wala hadithi. Hata hivyo karibu kila aliyetazama alieleza habari za viumbe: huyu mkubwa ni mkorofi, yule mdogo anaogopa, hawa wawili wanapendana na wanatoroka. Ubongo wa binadamu huona nia popote unapoona mwendo wenye mpangilio, na haungoji ruhusa ya akili. Unajua kabisa kwamba kichwa cha dagaa kimekufa, lakini kikigeuka polepole na kusimama kikikuelekea, sehemu ya ubongo inasema "kimeniona", sehemu nyingine inasema "haiwezekani", na mgongano wa sauti hizo mbili ndio ule ubaridi ulioupata. Binti yako ameuleta kwa makusudi. Vingegeuka ovyo, kila kimoja kwa wakati wake, usingeogopa.

Swali linalofuata ni kwa nini afanye mambo ya ajabu, na si hadithi ya sungura na kobe. Watu wengi hudhani filamu hizi zimekuwa za ajabu kwa sababu watengenezaji wake ni watu wa ajabu. Mimi naona sababu kubwa imo ndani ya kazi yenyewe. Katika filamu ya waigizaji, kuigeuza nyumba kuwa samaki ni gharama kubwa na mafundi wengi. Katika uhuishaji, nyumba kuwa samaki na mtu kuvuka barabara vinadai kazi ileile ya kusogeza na kupiga picha. Mwenye chombo kama hicho mkononi atajaribu kugeuza vitu tangu siku ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1908, huko Ufaransa, mchoraji Émile Cohl alitengeneza kwa michoro kama 700 filamu inayozidi dakika moja kidogo tu, ambamo kila kitu kinageuka kuwa kingine: chupa inakuwa ua, na mambo yanaendelea hivyo bila kumwomba radhi mtazamaji. Ni miongoni mwa filamu za kwanza kabisa za katuni duniani. Kwa hiyo ajabu haikuja baadaye kama upotovu wa wasanii wa mjini. Ilikuwapo tangu mwanzo, kabla ya katuni za paka na panya unazozifahamu.

Nikikisia kutokana na maelezo yako, miongoni mwa filamu za Ulaya anazotazama huenda zimo za Jan Švankmajer wa Prague, katika nchi iliyoitwa wakati ule Chekoslovakia. Katika filamu yake fupi ya mwaka 1982, vichwa vilivyoundwa kwa mboga, vyombo vya jikoni na vifaa vya ofisini vinamezana na kutapikana, kila mara vikisagika zaidi, hadi wote wanakuwa sawa. Ukiitazama bila maelezo utasema huyu hana akili timamu. Ukijua kwamba aliishi chini ya utawala uliompiga marufuku kutengeneza filamu kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1970, utaona kwamba vichwa hivyo vinazungumzia mazungumzo ambayo mkubwa humtafuna mdogo mpaka afanane naye. Filamu hiyo ilipata tuzo ya juu ya filamu fupi katika tamasha la Berlin mwaka 1983, na mwenyewe aliendelea na kazi hata baada ya kuvuka miaka 80. Kanada nako, Norman McLaren alitengeneza mwaka 1952 filamu ya majirani wawili wanaouana kwa sababu ya ua moja lililoota mpakani, akiwasogeza watu halisi picha kwa picha kana kwamba ni wanasesere. Ilipata Oscar, na la kuchekesha ni kwamba waliipa katika kundi la filamu za matukio ya kweli.

Wala si mambo ya wazungu peke yao. Moustapha Alassane wa Niger alihuisha safari ya rais wa vyura mwaka 1966, na Jean-Michel Kibushi wa Kongo alihuisha chura anayekwenda ukweni mwaka 1991. Hapa kwetu wachongaji wa Kimakonde wamekuwa wakichonga mashetani yenye jicho moja na mikono inayoota mgongoni, na watu wanayaweka sebuleni. Na kama shangazi ni mwenyeji wa Usukuma, mkumbushe zimwi Shing'weng'we. Lilimeza watu wote wa nchi, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe Masala Kulangwa alipokua alilitafuta, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima, isipokuwa bibi mmoja ambaye kisu kilimkata sikio wakati wa kupasua. Kichwa cha sangara kinachomeza nyumba na kutapika kitanda kiko karibu sana na hadithi hiyo, iwe binti yako anajua au hajui. Hakuna bibi aliyepelekwa kuombewa kwa kuisimulia, ingawa lile sikio ni la kutisha kuliko chochote kilichomo katika filamu ya mwanao.

Kuhusu maombi sina ugomvi nayo. Kama binti mwenyewe anapenda kuombewa, aombewe. Ninachopinga ni kumweka mbele ya watu na kumwambia kwamba kitu alichokitengeneza kwa picha elfu moja kimetengenezwa na pepo, kwa sababu hapo atajifunza jambo moja tu, kutowaonyesha tena. Kumbuka kwamba aliwaita na kuwaonyesha mwenyewe. Ukiipoteza tabia hiyo utakuwa umepoteza dirisha lako kubwa la kumwona.

Sasa mdogo wake. Hofu yake ni ya kweli na haitibiwi kwa kuambiwa "acha ujinga, ni katuni tu". Mtoto wa umri huo bado hatenganishi vizuri kinachoonekana na kinachoweza kutokea, na jikoni kwenu vichwa vya dagaa vipo kila siku. Dawa ninayoiamini ni kumpeleka kwenye meza ile mchana, mlango ukiwa wazi. Dada yake amwonyeshe kichwa kile kilichomtisha, amwache akishike akitaka, amwekee simu, na yeye mwenyewe akisogeze na kubonyeza, mara kumi na mbili. Kisha waitazame ile sekunde moja aliyoitengeneza. Mtoto aliyekigeuza kichwa kwa kidole chake mwenyewe kwa kawaida hukipuuza haraka; lakini asilazimishwe, na kama akikataa leo mwache hadi siku nyingine. Halafu liwekwe sharti la nyumba: filamu zile za usiku hazitazamwi mbele yake. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na jina la katuni huwadanganya wazazi kila siku.

Kuna jambo moja katika filamu hiyo ambalo ningemwagiza aliondoe leo: kule kuwaka na kuzimika kwa mwisho. Watu wachache wana aina ya kifafa inayochochewa na mwanga unaometameta, na baadhi yao hawajui kwamba wanayo. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, kipande cha katuni ya televisheni chenye mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi kilifanya watoto wapatao 685 wapelekwe hospitali jioni moja, wengine wakiwa na degedege. Tangu hapo watangazaji wengi wanafuata kanuni inayosema mwanga usimetemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde, hasa mwanga mwekundu mkali. Apunguze kasi hiyo au akate sehemu hiyo. Na ikitokea mtu akaanguka na kutikisika mbele ya filamu yoyote, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimwekee kijiko wala kidole mdomoni, kisha mpelekeni hospitali. Na mtikisiko ukipita dakika tano msingoje uishe, tafuteni gari mara moja.

Je, kuna maisha huko? Nitakujibu bila kukupamba. Filamu fupi za ajabu zenyewe hazilishi familia, si Mwanza wala Paris. Wengi wanaozitengeneza wanaishi kwa kufundisha au kwa kazi za matangazo. Stadi anayojifunza, hata hivyo, inanunuliwa. Vipindi vya watoto vya Ubongo Kids, vilivyoanza mwaka 2014, vinatengenezwa Dar es Salaam kwa mikono ya Watanzania, na kampuni za matangazo na miradi ya elimu ya afya huhitaji watu wanaoweza kueleza jambo kwa michoro inayotembea. Tamasha la filamu la Zanzibar, linalofanyika tangu mwaka 1998, hupokea filamu fupi, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo kinafundisha fani za jukwaani na za utengenezaji. Matokeo yakitoka aendelee na masomo kama yatamruhusu. Kazi hii haimkimbii mtu, na mhuishaji aliyesoma fizikia kidogo huhuisha maji na moto vizuri zaidi.

Simu usimnyang'anye. Ndiyo kamera yake, ndiyo studio yake, na ukiichukua utakuwa umemwadhibu kwa kufanya kazi kwa bidii. Wekeni makubaliano badala yake: saa nne usiku simu inalala sebuleni pamoja na za wengine wote, yako ikiwemo. Mbali na hilo, keti naye utazame filamu mbili tatu anazozipenda na umwulize kwa nini anazipenda. Huhitaji kuzielewa.

Nimekiacha kwa mwisho kile ambacho ufundi haukielezi. Ufundi unaeleza mapazia, fulana, mlango na namba. Hauelezi kwa nini binti ameacha kwaya, wala kwa nini rafiki wa siku zote hakanyagi nyumbani kwenu tangu kabla ya Krismasi, na kulala baada ya saa nane kila usiku humchosha hata mtu mwenye furaha. Yawezekana wamegombana tu. Yawezekana anaogopa matokeo, na meza ile ndiyo mahali pekee ambapo kila kitu kinatii mkono wake. Yawezekana pia ana huzuni ya kiugonjwa, ambayo kwa vijana mara nyingi hujificha nyuma ya ukimya na kukesha, na ambayo inatibika. Huwezi kuijua kwa kuichambua filamu, na mimi siwezi kuijua kutoka hapa nilipo.

Kwa hiyo mwulize, mkiwa wawili, njiani au mkifanya kazi ya mikono, si mezani mbele ya shangazi. Anza na filamu: "Hiki kichwa ulikigeuzaje?" Akikuonyesha gundi, waya na picha alizofuta, akacheka pale alipokosea, ujue bado yeye ndiye bwana wa picha zake. Kisha uliza kuhusu kwaya na kuhusu rafiki, na uache kimya kifanye kazi yake. Akikuambia kwamba vichwa vile vinazungumza naye, vinamwagiza, au kwamba si yeye aliyevisogeza, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Ukiona kwamba kwa zaidi ya wiki mbili hali chakula vizuri, halali usingizi, analia bila sababu au hata hiyo kazi yake ya mapanki haimfurahishi tena, mpeleke pia. Akizungumzia kufa, hata kwa utani, usingoje kesho. Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili, na unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu nanyi au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure wakakuandikia rufaa. Mwende na filamu kwenye simu kama yeye mwenyewe anaridhia kuionyesha, umweleze daktari kwamba imetengenezwa kwa picha 1,080 na kwamba hujaenda kwa sababu yake, bali kwa sababu ya usingizi, kwaya na rafiki. Akikataa kwenda, nenda wewe kwanza peke yako. Wauguzi wa kitengo hicho wamezoea wazazi wanaokuja bila mgonjwa, na watakuambia namna ya kurudi naye.